Trei ya Marlys Mbele ya Jaji

Ardis Tollefsrud hajawahi kumrudishia mtu chombo kikiwa kitupu. Ukimpelekea supu akiwa na mafua, bakuli litarudi na mkate. Ukimpelekea mkate, kile kitambaa ulichoufungia kitarudi na chupa ya jamu katikati. Nimeshindana naye miaka thelathini na mmoja, tangu tulipoajiriwa wiki ile ile jikoni kwenye shule ya Nordby, na sijamshinda hata siku moja. Sisi wanawake wa Minnesota wote tuko hivyo, ndiyo maana chini ya kila trei tumebandika solotepu yenye jina. Lakini wengine tunafanya kwa sababu mama zetu walifanya. Ardis anafanya kama mtu anavyopumua.

Ndiyo maana siku ile nilipomwona mdogo wake wa kiume, Verlyn, anaingia mahakamani na trei kwapani, nikasema moyoni, basi, tumekwisha.

Lakini ngoja, nimekimbilia mbele. Mimi LaVonne ndivyo nilivyo, mdomo wangu hufika kabla ya miguu. Katika mji wa watu wapole, Mungu alinileta mimi, sijui alikuwa anatafuta nini.

Ardis ana miaka sitini na tisa. Hakuolewa. Mwanaume mmoja wa mji wa Fergus alimchumbia, wakacheza dansi ya polka miaka minne, halafu yule bwana akahamia Arizona kwa ajili ya mapafu yake. Ardis alipoulizwa alisema, "Arizona kuna jua." Akarudi jikoni kumenya viazi. Amelisha nusu ya wilaya hii kwa mikono yake. Na alipostaafu hakupumzika, alimuuguza mama yake miaka kumi na mmoja, akimwogesha, akimgeuza kitandani, akimsomea magazeti ya kanisa. Verlyn alikuwa shambani kwao, maili sita tu, na alikuja Krismasi pekee. Mama alipofariki, shamba lilikuwa tayari la Verlyn, na nyumba ya mjini akaachiwa Ardis. Hapo ndipo Verlyn alipokumbuka kwamba ana dada.

Alikuwa na ufunguo wa tangu zamani. Akawa anaingia bila kubisha. Anafungua friji, anafungua kabati, anasema nyumba hii ni ya baba yake. Anamwita Ardis kibibi kisicho na faida. Saa kumi na mbili asubuhi analeta pikapu yake mbele ya dirisha na kupiga honi mpaka mbwa wa mtaa mzima wanalia. Siku moja alimsukuma kwenye jiko, mkono ukawa bluu wiki mbili. Mji mzima ulijua. Na mji mzima ulisema nini? "Verlyn yuko hivyo." Haki ya Mungu, watu wa kwetu nyumba ikiungua wanasema leo kuna kajoto.

Tarehe tisa Aprili Verlyn alikuja na chakula. Marlys, mkewe, mwanamke mpole mpaka unataka kumtikisa, alikuwa na kawaida ya kuomba radhi kwa niaba ya mumewe kwa nyama ya kusaga iliyookwa na viazi juu. Kila Verlyn akimkosea dada yake, Marlys anawasha oveni. Basi Verlyn alisimama kwenye mlango wa jikoni na ile trei, akamwambia Ardis asaini karatasi ya kumpa nyumba. Ardis akasema, "Sidhani." Kwa Kiminnesota hilo ni tusi. Verlyn akairusha trei kwa nguvu zake zote. Ikapita kando ya sikio la Ardis, ikagonga kona ya jiko, ikaruka na kupasua dirisha. Kioo kikamkata Ardis mkono, akashonwa nyuzi tatu.

Unadhani alifanya nini? Alifagia kioo. Akapangusa viazi ukutani. Akamwita fundi, akamwambia ndege amegonga dirisha. Kule zahanati akasema amejigonga kwenye kabati. Akaosha trei ya Marlys, akaikausha, akaiweka juu ya friji. Mimi nilikuja kujua wiki tatu baadaye, nilipoona kiti chake kimehama.

Maana Ardis alikuwa na kiti chake, upande wa jiko, mgongo kwa mlango, anatazama bustani. Miaka yote hiyo amekaa hapo na kahawa yake. Sasa kiti kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani, kinatazama mlango, na yeye amekaa juu yake kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Mbona umekaa hivyo?"

"Hewa," akasema.

"Ardis. Usinichezee akili. Hewa gani?"

Akaweka kikombe mezani. Kisha akanieleza yote, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma mapishi. Nilipandwa na hasira nikasimama kumfuata Verlyn na mwiko, nakuapia, mwiko mkononi. Ardis akanishika sketi.

"LaVonne, mimi sitaki apigwe. Nataka kukaa mgongo kwa mlango. Basi. Hicho tu."

Nikakaa. Nikalia kidogo, nikala biskuti nne. Kesho yake nikampeleka mahakamani, kwenye makao makuu ya wilaya, kuomba amri ya kumzuia Verlyn asimsogelee.

Fomu haina matatizo, na hailipiwi kitu. Tatizo lilikuwa Ardis. Kuna sehemu unaandika mhusika amefanya nini. Alikaa nayo saa nzima, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Karani, mama mmoja mwenye miwani yenye mnyororo, akaisoma. Akaisoma tena. Akatugeuzia.

"Mama, naomba nikusomee. 'Tarehe tisa Aprili kulikuwa na theluji nyepesi. Verlyn alikuja na chakula. Hakikutulia.'"

Mimi nikacheka kwa sauti mpaka askari wa mlangoni akachungulia. Hakikutulia! Trei imepasua dirisha, eti chakula hakikutulia!

"Ni kweli lakini," Ardis akajitetea, mashavu mekundu.

"Najua ni kweli," karani akasema kwa upole. "Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa, nimekuelewa. Lakini jaji hawezi kutoa amri kwa sababu chakula hakikutulia. Andika alichofanya. Theluji iache."

Tuliandika mara tatu. Ya pili alisema Verlyn "alikosa subira na trei." Ya tatu nilimnyang'anya kalamu, nikamwambia, "Sema, nitaandika, na ukisema 'kidogo' hata mara moja nakwenda kumwambia mchungaji kwamba wewe ndiye uliyesema kwaya inaimba kwa pua." Akasema. Nikaandika. Jioni ile tukapata amri ya muda, na tarehe ya kusikilizwa, siku kumi na mbili mbele, ambapo Verlyn naye angekuja kujitetea.

Sasa karatasi lazima zipelekwe kwa Verlyn na polisi wa wilaya. Akaja afande Dwight Kvamme, mtu wa miaka thelathini na sita na tumbo lake, nyumbani kwa Ardis kuulizia njia ya shambani. Dwight huyu Ardis amemlisha tangu darasa la kwanza, na mpaka leo akimwona anavua kofia kama yuko kanisani.

Mimi sikuwepo. Ningekuwepo nisingeruhusu. Dwight ndiye aliyenisimulia baadaye, anajikuna shingo.

"Bi Ardis akaniambia, 'Dwight, kwa kuwa unakwenda huko huko.' Halafu akanipa trei."

"Trei ya nini?"

"Keki za limau. Za kukata vipande. Zimefunikwa kwa jaribosi, ile karatasi ya kung'aa."

"Dwight! Umempelekea mtu amri ya mahakama na keki?"

"LaVonne, ningesema nini? Amenishikisha mkononi! Ilikuwa bado ya moto!"

Nikamfuata Ardis mbio. Alikuwa anasugua sinki.

"We mwanamke una wazimu? Unamwomba jaji amzuie mtu asikuue, halafu unamtumia keki?"

"Ilikuwa trei ya Marlys."

"Najua ilikuwa ya Marlys!"

"Imekaa kwangu tangu Aprili, LaVonne. Juu ya friji. Ilikuwa inanitazama."

"Si ungeirudisha tupu!"

Ardis aliacha kusugua. Akanigeukia kama vile nimemwambia atembee uchi kanisani. Na mimi, aibu yangu, nikajua kwamba hata mimi nisingeweza. Lakini usingizi ulinihama siku zote zile, maana nilijua Verlyn ni mjinga, ila si mjinga kiasi hicho.

Na kweli. Siku ya siku aliingia na suti yake ya harusi, vifungo vinaomba msaada, na trei kwapani. Marlys nyuma yake na koti la kijivu, akaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa. Ardis alivaa gauni lake la bluu la mazishi na Pasaka, mkoba magotini. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi kama samaki.

"Ana trei," nikamnong'oneza.

"Naiona."

"Uliweka sukari ya unga juu?"

"LaVonne, nyamaza."

Jaji alikuwa mwanamke, Jaji Ostby, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Alimsomea Verlyn yale madai, moja moja. Verlyn akakana, moja moja. Honi? Alikuwa anamsalimia dada yake. Kumsukuma? Aliteleza mwenyewe. Trei dirishani? Hapo akatabasamu. Akasimama, akavuta suruali, akaiweka ile trei juu ya meza, paa!

"Mheshimiwa, huyu anasema ananiogopa. Anasema nimemrushia vitu. Zahanati kwenyewe alisema amejigonga kabatini, waulizeni. Fundi alimwambia ni ndege. Halafu tazama hii. Keki za limau. Vipande ishirini na nne! Alinitumia yeye mwenyewe, siku ile ile ya karatasi, mkononi mwa polisi. Sasa mtu anayeogopa, anaoka?"

Dwight, aliyesimama ukutani, alitazama viatu vyake. Kila alichosema kuhusu zahanati, ndege na keki kilikuwa kweli, ndicho kilichoniuma. Ardis alikuwa amefagia ushahidi wake wote kwa ufagio wake mwenyewe, akauosha, akaukausha, na kilichobaki akakipaka sukari.

Jaji akamgeukia. "Bi Tollefsrud. Ulimtumia hizi keki?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa trei ya Marlys."

"Na?"

"Ilikuwa haijarudi."

Jaji akavua miwani. Karani wetu mwenye mnyororo alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kukubali, taratibu, bila kujijua.

"Na isingeweza kurudi tupu," jaji akasema.

"Ah! Hapana, mheshimiwa!" Ardis akashtuka kabisa.

"Hapana," jaji akasema. "Bila shaka." Akavaa miwani. "Bwana Tollefsrud, keki ulikula?"

Verlyn hakulitegemea swali hilo. "Nilikula."

"Zote?"

"Hazikuwa mbaya," akasema, na watu wakacheka, maana kwetu hakuna sifa inayozidi hiyo. Hata yeye akacheka. Alidhani ameshinda, kichwa maji yule.

"Sasa nieleze kitu kimoja," jaji akasema, kwa sauti tamu kama ya mwalimu wa shule ya Jumapili. "Trei hii ni ya mkeo. Ilifikaje nyumbani kwa dada yako?"

"Nilimpelekea chakula."

"Lini?"

"Aprili. Tarehe tisa."

Nikasikia kalamu ya karani ikikwaruza.

"Tarehe tisa. Siku ya dirisha. Ulimpa mkononi?"

Verlyn akaanza kuvuta suruali tena.

"Afande," jaji akasema, "niletee hiyo trei."

Dwight akaibeba kwa mikono miwili. Jaji akaipindua, akasoma solotepu ya chini: Marlys T. Akaigeuza tena, akapitisha kidole ukingoni, polepole, mpaka akafika kona. Kona ile ilikuwa imekunjwa kwa ndani kama sikio la mbwa, na kwenye mkunjo kulikuwa na mstari mweupe wa rangi ya jiko. Mimi trei ile nilikuwa nimeiona juu ya friji mara ngapi? Sikuwahi kutazama kona!

"Hii imebonyea," jaji akasema.

"Ya zamani hiyo," Verlyn akasema haraka. "Trei ya zamani. Imeanguka anguka."

"Siyo ya zamani."

Wote tuligeuka. Marlys alikuwa amesimama kule nyuma, ameshika vifungo vya koti lake kama vile vitakimbia. Miaka thelathini nimemjua, sijawahi kumsikia anaongea kabla ya kuulizwa.

"Niliinunua mwezi wa pili," akasema. "Ilitoka kwangu nzima. Imerudi hivyo. Na keki, na imerudi hivyo." Akakaa. Akasimama tena. "Samahani," akasema, akakaa moja kwa moja.

Kama si yule askari wa mlangoni, ningeruka viti nikambusu. Verlyn alikuwa ameiva uso mzima. Jamani, ameibeba mwenyewe! Ameifungia kwenye pikapu, ameendesha maili ishirini na mbili, ameivalia suti! Nilijiziba mdomo kwa mitandio miwili, yangu na ya Ardis, na mabega yakawa yanatikisika hovyo.

"Bi Tollefsrud," jaji akasema, "nimeyasoma maelezo yako. Lakini nataka nisikie kwako. Siku ile ilikuwaje?"

Nikaacha kucheka. Maana nilijua jibu lake. Angesema haikuwa nzuri sana. Angesema kulikuwa na theluji nyepesi. Nikamfinya paja.

Ardis akasimama. Akaweka mkoba kitini. Akavuta pumzi.

"Ilikuwa mbaya," akasema.

Nakuambia, karani aliacha kuandika. Mzee mmoja aliyekuja kwa kesi ya ng'ombe akavua kofia.

"Ilikuwa mbaya sana. Aliirusha kichwani kwangu, na alikuwa ananitazama alipoirusha. Ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga viatu. Nilidhani nakufa, mheshimiwa, na nilikuwa nimevaa ile aproni mbaya." Akatafakari. "Na bado naogopa. Kila siku. Sikumtumia keki kwa sababu siogopi."

Akakaa. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, pua inanivuja, sikujali.

Jaji alitoa amri ya miaka miwili. Verlyn asimfikie, asimpigie simu, asipite barabara ile na pikapu wala na miguu. Ufunguo auache pale pale. Akautoa kwenye mnyororo wake, akautupa mezani, Dwight akaudaka kabla haujatua. Verlyn akatazama huku na huku kutafuta mtu wa upande wake, hakumpata.

"Basi nipeni trei yangu niondoke," akasema.

Sasa kwa amri ile hakuweza hata kupita karibu na meza yetu, kwa hiyo Dwight ndiye aliyekwenda kuichukua kwa jaji. Na njiani akapita mbele ya Ardis, akasimama. Sidhani alifikiri. Ni malezi tu. Amesimama na trei tupu mbele ya mwenye kuirudisha, anasubiri.

Mimi nikaona mkono wa Ardis unakwenda kwenye mkoba. Mle ndani kuna biskuti za tangawizi siku zote, zimefungwa kwenye kitambaa. Zipu ikafunguka. Karani akanyoosha shingo. Jaji mwenyewe, aliyekuwa ameanza kukusanya mafaili, akasita. Nikasema moyoni, Ardis, nakuomba, nakuomba kwa jina la mama yako.

Ardis akatoa biskuti. Akainuka, akampita Dwight, akampita mzee wa ng'ombe, akatembea mpaka kiti cha mwisho. Akamwekea Marlys kitambaa chote mfukoni mwa koti, akaugonga mfuko mara mbili kwa kiganja. Marlys akaushika ule mkono, akauachia. Halafu Ardis akarudi mahali pake, akakaa, akafunga zipu.

"Trei iende hivyo hivyo," akamwambia Dwight.

"Tupu?" Dwight akauliza.

"Tupu."

"Toba!" karani akasema kwa sauti.

Kwenye gari hatukuweza kuondoka dakika ishirini. Nikiwasha, mmoja wetu anasema "hakikutulia," tunaangua kicheko, nazima. Mbavu ziliniuma mpaka Jumapili. Ardis alikuwa anapiga dashibodi kwa kiganja, machozi yanamtiririka, anasema, "Tupu, LaVonne! Nimeirudisha tupu!" kama msichana aliyetoroka dirishani kwenda dansi.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kwake na bakuli lake, ndani nimeweka saladi ya viazi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa, safari hii hewa ya kweli. Kiti kilikuwa kimerudi upande wa jiko. Ardis amekaa juu yake, anatazama bustani, anaimba polka kwa pua mbaya kuliko kwaya yote. Mimi natembea kwa kishindo, anayetaka kujua auulize mtaa mzima. Sakafu ikalia.

Hakugeuka.

"Weka tu mezani," akasema. "Kahawa iko juu ya jiko."